Sifuri ya Chimagwe

Neno lenyewe lilikuwa dogo, herufi tatu tu: nje. Penina Chilewa alilipachika kwenye dodoso kwa mkono wake mwenyewe, Jumatano moja ya Februari, akiwa kwenye dawati lake huko Ipagala, huku akitafuna karanga za kukaanga, na alipomaliza akajipongeza. Kwa hiyo hadithi hii haina haja ya kumsaka mkosaji. Mkosaji yupo, anaitwa Penina, na ndiye tutakayekwenda naye mpaka mwisho.

Ofisi yake ilikuwa kampuni ndogo ya ushauri iliyopanga vyumba vitano juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka ule walikuwa wamepata kazi yenye jina refu kuliko treni inayopita Ihumwa: Tathmini ya Athari za Mzunguko wa Uhai na Gharama za Nje za Teknolojia za Umeme za Miaka Ijayo. Kwa lugha ya nyumbani, walitakiwa kuichukua mitambo inayotarajiwa kujengwa nyanda za kati, ya jua, ya upepo, ya jotoardhi na ya gesi, na kuufuata kila mmoja tangu madini yake yanapochimbwa hadi vyuma vyake vinapotupwa. Kisha waseme kila mtambo unamgharimu nani, na nini. Bei ya mtambo kila mtu anaiona. Wao walitakiwa waitafute ile gharama nyingine, ambayo mwenye mtambo hailipi na mnunuzi wa umeme hailipi, bali inamwangukia mtu aliyejikalia pembeni: kifua kinachobana, kisima kilichoharibika, malisho yaliyozungushiwa uzio.

Wataalamu wana jina la Kiingereza la gharama hiyo, na Penina, mtafsiri wa ofisi kwa miaka tisa, alilihamisha neno kwa neno. Ikawa "gharama za nje". Wachumi wa chuo kikuu wangempa alama zote. Swali la thelathini na moja likasomeka hivi: "Je, kaya yako inatarajia kupata gharama za nje kutokana na mradi? Ndiyo au hapana. Kama ndiyo, taja."

Mwezi Machi vijana wa chuo wakapewa dodoso na chupa za maji, wakapelekwa Chimagwe, kijiji kilicho magharibi ya Dodoma, mahali palipopendekezwa kujengwa uwanja mkubwa wa paneli za jua. Walionywa wasifafanue swali lolote, kwa sababu kufafanua ni kumlisha mtu maneno. Vijana watiifu. Walisoma kilichoandikwa, wakaweka alama ya vema panapotakiwa, wakarudi mjini wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Kaya mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimeulizwa swali la thelathini na moja, na kaya mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimejibu hapana.

Zote! Kiulize kijiji kizima kama jua la Oktoba linachoma, hutakosa mzee mmoja wa kubisha. Lakini ofisini hakuna aliyeshtuka, hata Penina. Dokta Octavian, mkurugenzi, alipoiona ile sifuri aliipokea kama mtu anayepokea mvua. Umeme wa upepo ulikuwa na kelele zake, wa gesi ulikuwa na hewa yake chafu, wa jotoardhi ulikuwa na maji yake ya moto yasiyojulikana yatapelekwa wapi. Umeme wa jua wa Chimagwe haukuwa na doa. Ripoti ilikuwa imechelewa miezi mitatu, na sifuri ni namba isiyohitaji maelezo marefu. Octavian hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechelewa, na hao wakati mwingine ndio wa kuogopwa zaidi.

Mwezi Mei, Jumamosi, Penina alikwenda Chimagwe kwa shughuli zake mwenyewe. Alizaliwa huko, na shangazi yake Raheli, dada mkubwa wa marehemu baba yake, alikuwa amemtumia salamu kwamba mlenda umekauka, aje auchukue kabla wageni hawajaumaliza. Alimkuta uani na wanawake wawili wa jirani, wakipepeta majani makavu kwenye ungo.

"Mbukwenyi," Penina alisalimia kwa Kigogo, kisha akainama kidogo. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapo, lakini usituulize kitu," alisema Raheli, na wale wawili wakaanza kucheka hata kabla hajamaliza. "Nyie watu wa umeme mmezidi. Wenzenu wakija wanauliza mtu ana ng'ombe wangapi. Nyie mnauliza habari za choo."

"Choo gani, shangazi?"

"Hujui? Kijana wa watu, mzuri, ana miwani, alikaa hapo hapo ulipokaa. Akaniuliza, eti mtambo ukija, nitapata gharama za nje? Nikamtazama. Nikasema huyu analelewa na nani? Nikamjibu, baba, mimi nje naenda bure tangu nizaliwe, na mtambo ukija nitaenda bure vilevile."

Penina akacheka mpaka akashika kiuno. Chimagwe, mtu akisema anakwenda nje, humuulizi anakwenda wapi. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

"Mimi sikudhani choo," alisema Jenifa, mmoja wa wale majirani, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mimi nilidhani ni nje ya nchi. Nikamwambia sijafika hata Nairobi, gharama za nje nitazitoa wapi? Akaandika hapana. Akanishukuru sana."

Hapo ndipo kicheko cha Penina kilipokatika. Majirani waliendelea kucheka peke yao, kisha nao wakanyamaza, maana walimwona mwenzao amebadilika uso.

"Shangazi," alisema, "huo uwanja wa paneli, walikuonyesha utakuwa wapi?"

Raheli akanyoosha mkono kuelekea magharibi, bila hata kugeuka. Nyuma ya boma la ng'ombe nchi ilikuwa imelala tambarare, haina shamba wala nyumba, udongo mweupe umepasukapasuka hadi macho yanapoishia. Mbuga. Kwenye ripoti, ukurasa wa arobaini na moja, Penina mwenyewe alikuwa ameiandika kwa Kiswahili kizuri: ardhi isiyotumika.

Alikaa akiitazama, na haya zikampanda tangu miguuni. Mlenda ule uliokuwa unapepetwa mbele yake ulitoka wapi? Kwenye mbuga ile, mvua zikinyesha. Ada yake ya kidato cha tano ilitoka wapi? Kwa chumvi. Mwezi wa Agosti wanawake wa Chimagwe hushuka mbugani, hukwangua ule ukoko mweupe, huuchuja kwa maji kwenye chungu kilichotobolewa, kisha huyachemsha yale maji mpaka chumvi ibaki chini. Alikuwa ameshika upawa wa chumvi kabla ya kushika kalamu. Na kuna njia ya ng'ombe inayoikata mbuga katikati kwenda kwenye maji, maana ukiizunguka ni siku nzima. Vyote hivyo, yeye Penina Chilewa, binti wa mbuga ile, alikuwa ameviita havitumiki kwa sababu picha ya satelaiti haikuonyesha jembe.

"Wamesema nini kuhusu mtambo ukishachoka?" aliuliza Raheli. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye kuuliza mambo kwa sauti ya chini kama anayekuuliza ulikula nini. "Yule kijana alisema mnaufuata toka kuzaliwa mpaka kufa. Hilo nilimsifu. Sasa ukifa, unazikwa wapi?"

Penina alikumbuka ukurasa wa sitini na nne. Betri zilizokwisha nguvu na paneli zilizovunjika zitahifadhiwa ndani ya eneo la mradi. Gharama kwa jamii: sifuri.

"Hapa," alisema. "Mbugani."

"Na wenye mbuga wameulizwa?"

"Mmeulizwa. Mmejibu haina neno. Imeandikwa, shangazi."

"Nani kaandika?"

Angeweza kusema ofisi. Angeweza kusema wataalamu, au kompyuta, siku hizi kila kitu husingiziwa kompyuta. Lakini alikuwa ameshika jani la mlenda mkononi.

"Mimi."

Raheli hakumkaripia. Aliinuka, akamfungia mlenda kwenye mfuko, akaufunga mafundo mawili, akampa. "Basi nenda kafute," alisema, akarudi kwenye ungo wake.

Jumatatu asubuhi Penina alikuwa mlangoni kwa Dokta Octavian kabla hajavua koti. Alimweleza yote, choo na Nairobi na chumvi, na mwanzoni mkurugenzi alicheka kweli kweli, kwa sababu alikuwa mtu wa utani. Alicheka mpaka alipoelewa anaombwa nini.

"Dada Penina. Kurudia dodoso? Kikao ni Alhamisi!"

"Kisogezwe."

"Kimesogezwa mara mbili. Na neno lenyewe ni sahihi. Fungua kamusi yoyote."

"Sikuipelekea kamusi dodoso, Dokta. Niliwapelekea watu. Tumewauliza habari za choo, tumeandika kwamba hawatapoteza kitu."

Octavian alizunguka meza, akakaa upande wake, kama ndugu. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole wa maneno, na alijua kubembeleza. Alimkumbusha kwamba mkataba wake ulikuwa unaisha Juni. Alimkumbusha kwamba kazi hii ikipita, zinakuja nyingine tatu za namna hiyo, na kwamba alikwishapanga kumpa ajira ya kudumu. Akasogeza karatasi moja mbele yake. Ilikuwa hati ambayo mfadhili aliitaka kwa kila ripoti, yenye mistari mitatu tu: mimi niliyetia saini hapa chini nathibitisha kwamba dodoso lilitafsiriwa kwa usahihi na kwamba waliohojiwa walielewa maswali.

"Saini tu," alisema. "Mengine tutarekebisha kwenye awamu ya pili."

"Awamu ya pili uzio utakuwa umeshasimama."

"Unajua unachokifanya? Ukisema tafsiri ni mbovu unajitangaza wewe. Nani atakupa kazi tena mji huu? Mkataa pema, pabaya panamwita."

"Mficha uchi hazai, Dokta. Nimekosea, na nitasema nimekosea. Sisaini."

Ofisi za ghorofa ile zilikuwa na kuta za mbao nyembamba, na nyuma ya ukuta mashine ya kuchapa ilikuwa imenyamaza ghafla. Huo ndio ukawa ubaya wa mambo. Octavian peke yake angeweza kurudi nyuma, lakini Octavian anayesikilizwa na wafanyakazi wake wote hakuweza. Akasimama.

"Basi huna kazi. Leo hii. Kusanya vitu vyako."

Penina alikuwa na watoto wawili shuleni na nyumba isiyo na dari. Kwa kitambo kidogo, nisimtetee, aliitazama ile kalamu juu ya meza na kuona jinsi ilivyokuwa karibu. Halafu akakasirika, na hasira ikamsaidia pale ambapo ushujaa ulikuwa bado haujafika.

"Sawa," alisema. "Lakini niandikie sababu. Huwezi kumfukuza mtu kwa mdomo kama mbuzi aliyeingia jikoni. Sheria inataka sababu, na mimi naitaka kwa maandishi, na mhuri."

"Unataka sababu?" Octavian alikuwa ameshika kitasa cha mlango. "Nitakuandikia sababu mpaka ufurahi!"

Na akaandika. Barua ilitoka kwenye mashine saa tano kasoro, ina nembo, ina tarehe, ina mhuri wa bluu uliogongwa kwa nguvu mpaka ukaacha kivuli. Ilisema kwamba Bi. Penina Chilewa anaachishwa kazi kwa kosa kubwa la kitaaluma, yaani kutafsiri isivyo sahihi swali la thelathini na moja, kosa lililosababisha wahojiwa kutoelewa swali na kuharibu ubora wa data. Sahihi ya mkurugenzi ilikuwa chini, ndefu na yenye madoido.

Watu humuuliza Penina mpaka leo kama alimtega. Yeye husema hapana, alitaka tu karatasi ya kupeleka kwa afisa kazi. Mimi sina la kuongeza. Ila najua kwamba alipotoka pale hakwenda moja kwa moja kwa afisa kazi. Alikwenda kwenye kibanda cha fotokopi mkabala na soko, akatoa nakala kumi.

Siku ya pili, Jumanne, ile hati ya mfadhili ilisainiwa na Charles wa takwimu. Charles alizaliwa Moshi, Chimagwe alikuwa ameiona kwenye ramani, na hakuwahi kutafsiri hata barua ya posa. Lakini alikuwa na mkopo wa pikipiki, na kalamu yake ilikuwa karibu.

Kikao cha Alhamisi kilifanyika mjini, kwenye ukumbi wa hoteli wenye mapazia mazito na viyoyozi vinavyowafanya watu wa Dodoma wavae makoti mwezi Mei. Walikuwapo watu wa mfadhili, maafisa, wanafunzi wawili watatu. Chimagwe ilikuwa imealikwa kutoa wawakilishi watatu, wakae mstari wa nyuma na kupiga makofi, na kijiji kikamtuma Raheli na wazee wawili. Mlangoni Raheli alimwambia msichana wa kuandikisha majina kwamba Kiswahili chake ni cha kuazima, hasikii vizuri, hivyo amekuja na mkalimani. Msichana akamwandika mkalimani bila kuuliza. Jina: Penina.

Octavian alipomwona alisimama kidogo katikati ya ukumbi, kisha akaendelea kutembea. Angefanya nini? Kumtoa mkalimani wa bibi kizee mbele ya wafadhili?

Alizungumza vizuri, hilo lazima lisemwe. Aliufuata kila mtambo kama aliyeulea mwenyewe, tangu mgodini hadi jalalani, na projekta ikarusha ukutani jedwali kubwa lenye rangi. Mistari minne, ya jua na upepo na jotoardhi na gesi. Safu ya mwisho kulia ilikuwa ya gharama za nje, na kwenye mstari wa jua, Chimagwe, ilikaa sifuri peke yake, ya kijani, mviringo, imetulia.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mama mmoja wa makamo aliyeitwa Dorothea, mwakilishi wa kamati ya mfadhili, mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni. Aliivaa.

"Daktari, hii sifuri. Ni sifuri kabisa? Hata punje?"

"Kaya zote mia mbili na kumi na mbili, Mheshimiwa Mwenyekiti. Hakuna hata moja iliyotaja gharama."

"Hilo ndilo linalonitatiza. Nimefanya kazi hii miaka ishirini, sijaona kijiji kisicholalamika. Waliielewa lugha ya swali?"

"Kikamilifu. Tafsiri imethibitishwa kwa mujibu wa taratibu zenu." Akainua ile hati. "Hii hapa, imesainiwa Jumanne."

Raheli akanyoosha mkono. Alinyoosha mkono mzima, kama anayesimamisha basi, na watu wakageuka. Akasimama, akasema maneno machache ya Kigogo, akakaa.

"Bibi anasema," alianza Penina, kisha akaanza upya. "Bibi anasema ana barua, anaomba isomwe."

Alitembea mpaka mbele. Viatu vyake vilipiga kelele kwenye sakafu ile ya vigae, na njia ilikuwa ndefu kuliko ilivyoonekana kutoka nyuma. Akamkabidhi mwenyekiti karatasi, akarudi nyuma hatua moja, akasimama hapo hapo. Octavian aliutambua mhuri kabla hajayatambua maandishi.

Mama Dorothea aliisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti, polepole, mpaka kwenye maneno kutoelewa swali na kuharibu ubora wa data. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sijapata kuona iliyo fupi kama ile, kutoka Jumatatu hadi Jumanne.

"Daktari Octavian," alisema, "Jumatatu umesaini kwamba tafsiri ni mbovu na watu hawakuelewa. Jumanne umesainisha hati kwamba tafsiri ni safi na watu walielewa. Mhuri ni mmoja. Mimi niamini siku gani?"

"Mheshimiwa, hilo ni suala la ndani la utumishi..."

"Siku gani?"

Octavian alitoa leso, akajifuta shingo, kwenye ule ubaridi. Charles wa takwimu alikuwa ameinamisha kichwa akihesabu vifungo vya shati lake.

"Na wewe mkalimani," Mama Dorothea alimgeukia, "mtafsiri anayetajwa humu unamfahamu?"

"Ni mimi."

"Kwa hiyo kosa ni la nani?"

"Langu," alisema Penina. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo siku tatu, na bado lilimuuma kulisema. "Neno ni 'nje'. Niliandika gharama za nje. Chimagwe, kwenda nje ni kwenda chooni. Wengine walidhani ni nje ya nchi. Hakuna aliyeulizwa chochote kuhusu mbuga. Mkitaka kunifukuza mara ya pili nifukuzeni, lakini hiyo sifuri hapo ukutani si jibu la wale watu. Ni kosa langu mimi, mmelipaka rangi ya kijani."

Bwana mmoja wa meza ya mbele, mwenye tai pana, akaguna. "Tatizo lenu ndilo hili. Mnaletewa maendeleo, mnatafuta visingizio. Kwani hamtaki umeme?"

Penina alimgeukia, na sasa hakuanza mara mbili. "Tunautaka! Shangazi yangu anasoma Biblia kwa tochi ya simu, na simu anaipeleka kuchajiwa kijiji cha pili. Nani kakwambia hatuutaki? Jua lilete, mimi mwenyewe nitabeba vyuma kichwani. Umeme tunautaka, baba. Sifuri ndiyo hatuitaki. Mtambo una wenyewe, faida ina wenyewe, hata betri zikifa zina mahali pa kuzikwa, ni pale tunapochota chumvi. Kisha ukitafutwa mzigo umemwangukia nani, haumwangukii mtu! Umepotelea hewani! Andikeni kumi, andikeni elfu, bishaneni nasi. Lakini msituandike hatupo."

Huko nyuma mzee mmoja wa Chimagwe akapiga makofi. Walialikwa wapige makofi, sasa angengoja nini tena?

Mama Dorothea alivua miwani. Hakutangaza kwamba mradi umekufa, wala hakuna aliyemwomba atangaze hivyo. Alisema ripoti haipokelewi, kwamba safu ile ya mwisho ifutwe na Chimagwe iulizwe upya ndani ya wiki sita, na hati ile pamoja na barua vibaki kwake. Kijana wa projekta akabofya. Ile sifuri ikapotea, ukabaki ukuta mweupe ndani ya kisanduku.

"Nani ataliandika hilo swali?" Octavian aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anauliza kwa sababu hajui. "Mtafsiri hatuna."

"Yupo," alisema Raheli kutoka nyuma, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwenye tai. "Tena ndiye salama. Neno hilo ameshalikosea, hawezi kulikosea tena."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na msichana wa kuandikisha majina akajiziba mdomo kwa daftari.

Mwenyekiti akaruhusu mapumziko ya chai, watu wakamiminika kwenye maandazi na sambusa. Octavian alipita karibu na Penina, akaendelea na safari. Hakuna aliyemwambia Penina kama amerudishwa kazini. Kwa kweli hakuwa amerudishwa, na Juni ilikuja na kupita bila mshahara. Hilo nalo ni gharama, na yeye mwenyewe aliiandika baadaye mahali pake.

Lakini siku ile hakwenda kwenye chai. Alivuta kiti mstari wa nyuma, akakaa uso kwa uso na shangazi yake, akatoa kalamu.

"Shangazi," alisema, "mtambo ukija, utapoteza nini ambacho hakuna atakayekulipa?"

Raheli alilitazama lile swali kwanza, kama anavyotazama mtu wa chumvi ukoko wa mbugani, kuona kama unafaa kukwanguliwa. Kisha akaitazama ile karatasi moja iliyokuwa juu ya goti la Penina.

"Hiyo tu ndiyo uliyokuja nayo?"

Penina akafungua mkoba. Zile nakala za barua ya kufukuzwa zilikuwapo, zote tisa zilizobaki, na nyuma zilikuwa tupu. Akazigeuza, akazipanga magotini.

"Haya," alisema Raheli. "Anza na chumvi."